Kaseti za Opereta

Mtaani walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu-na-njia, na jina lilimkaa kiasi kwamba hata wateja wake waliandika hivyo kwenye simu zao. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, mpeleka vifurushi kwa pikipiki, na kazi ile ilimfaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Kutwa nzima yuko barabarani: bahasha ya wakili huku, dawa za mgonjwa kule, keki ya watu imefungwa kwenye sanduku la nyuma naye anaendesha kama amebeba mayai. Nyumbani alikula amesimama. Akiongea na simu aliuzunguka ua mpaka majani yakakatika na kuacha njia. Kwenye harusi alichagua kiti cha karibu na mlango, na hotuba zikianza kiti kipo, mwenyewe hayupo.

"Damu ya kaka yangu hiyo," Shangazi alizoea kusema, kwa sauti ya mtu anayelalamika huku anajisifu. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Makalio yake na kiti walikuwa hawajuani."

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kampuni ya kujenga barabara. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kambi za mbali, akirudi nyumbani kwa vipindi kama mgeni mwenye zawadi, mpaka homa ilipomchukua akiwa huko huko. Watoto wawili, Kiguu na dada yake mkubwa, walilelewa na Mama pamoja na Shangazi, ambaye alikuja kusaidia kwa wiki chache mtoto wa kwanza alipozaliwa, na hadi leo hajaondoka.

Na Mama alikuwa opereta wa simu. Enzi hizo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ulipiga posta, ukakutana na sauti yake: "Halo, subiri kidogo, nakuunganisha." Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, waya mikononi, na sauti yake ilijulikana na watu ambao hawakuwahi kumwona uso. Kuna mfanyabiashara aliyewahi kuingia posta kwa ajili ya kutaka tu kujua mwenye sauti ile anafananaje, akaondoka akiwa na aibu kwa sababu Mama alimuuliza ana shida gani naye hakuwa nayo.

Sasa sauti hiyo haikuwepo. Mwaka uliotangulia Mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaenda nao. Masikio yalikuwa mazima, akili ilikuwa nzima, na macho yake yalikukata ukisema upuuzi, lakini mdomo ulitoa mlio mmoja tu, kama wa mtu anayetaka kuanza sentensi. Kwa mkono wa kushoto alikuwa na lugha yake fupi: akigonga meza ni ndiyo, akipunga ni hapana, akilaza kiganja ni basi, imetosha.

Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa siku gari dogo lilipokata kona bila kuangalia na kumrusha Kiguu mtaroni. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, mahali pawili. Walimfunga plasta kutoka vidoleni mpaka pajani, wakampa magongo, na daktari akamwambia, "Kaa. Usiukanyage mpaka nikuambie." Kiguu alimtazama kama mtu aliyesomewa hukumu.

Wiki ya kwanza aliwatia wazimu watu wote. Alihamisha kiti kutoka sebuleni kwenda barazani, kutoka barazani kwenda jikoni. Alifungua friji na kuifunga. Magongo yake yalilia kwi-kwi sakafuni tangu alfajiri. Alimpigia bosi wake kumuuliza kama vifurushi vinafika, mpaka bosi akaacha kupokea. Mama alimtazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu dirishani, akafumba macho.

"Mtoto huyu atanitoa roho," Shangazi alimwambia Dada kwenye simu. "Nitafutie kitu cha kumfanyisha, au nimtie kamba."

Dada alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji mwingine, mtu aliyezoea kusema mara moja na darasa likanyamaza. Hakukosa jibu. "Kaseti," alisema. "Zile za Mama na Baba. Bado ziko kabatini kwako?"

Zilikuwepo, chini ya mashuka, kwenye mkoba wa turubai uliokuwa wa Baba. Kule kambini hakukuwa na simu. Mwanamke aliyewaunganisha watu wa nchi nzima hakuwa na namna ya kuunganishwa na mume wake. Barua nazo Baba hakuziweza; kusoma alisoma kwa shida na kuandika aliona aibu. Basi wakatumiana kaseti. Mama alirekodi jioni, akampa dereva wa lori la kampuni, lori likaenda na saruji na sauti yake. Baba naye alijibu kwenye kaseti nyingine. Alipofariki, kampuni ilileta vitu vyake, na ndani yake zikarudi kaseti zote alizotumiwa. Shangazi alizichanganya na zile Baba alizomtumia Mama, akazifungia humo, na maisha yakaendelea.

"Ziingize kwenye kompyuta kabla hazijaoza," Dada alimwagiza Kiguu, Shangazi alipompa simu. "Nataka sauti ya Mama. Wanangu hawaikumbuki. Na wewe, kazi hiyo itakukalisha chini."

Fundi redio wa mtaa wa pili ndiye aliyeleta deki ya kuchezea kaseti, ya zamani, yenye vitufe vizito. Alimwonyesha Kiguu namna ya kuchomeka waya kutoka kwenye deki kwenda kwenye kompyuta, programu ya kurekodi, mahali pa kubonyeza. Alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akaonya kila kaseti izungushwe kwanza kwa kalamu ili utepe usije ukakwama.

"Sawa," Kiguu alisema. "Sasa hii ya saa moja itachukua dakika ngapi kuingia?"

"Saa moja."

"Hapana, namaanisha kuingia tu. Kunakili."

"Saa moja, ndugu yangu. Inaingia kwa kuimbwa. Lazima isome neno kwa neno kama ilivyosemwa."

"Haiwezi kukimbizwa kidogo?"

"Ikimbize, utapata panya wanagombana."

Kiguu aliutazama mkoba uliojaa, akautazama mguu wake, akashika tama.

Kaseti ya kwanza aliiweka siku ya Jumatatu baada ya chai. Kwenye skrini mstari wa kijani ulinyooka, kukavuma kama mvua ya mbali, kisha mstari ukatikisika.

"Halo, halo. Unanisikia? Ni mimi."

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, mchuzi unadondoka sakafuni. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, pana, isiyo na haraka, kila neno limewekwa mahali pake. Ilimweleza mume wake kwamba paa linavuja upande wa chumba cha watoto, kwamba Dada amekuwa wa kwanza darasani na sasa hakuna mtu wa kukaa naye kwa maringo, na kwamba "huyu wako mdogo" ameanguka kutoka ukutani akapasua kidevu, akashonwa, na kabla uzi haujatolewa ameonekana juu ya ukuta ule ule. Nyuma ya maneno kulisikika miguu midogo ikikimbia, ikienda, ikirudi.

"Wewe huyo," Shangazi alisema, akifuta macho kwa kiwiko. "Sikiliza. Hata kwenye kaseti hutulii."

Kiguu alicheka, kisha akamgeukia Mama. Mama alikuwa amekaza macho kwenye deki. Nusu ya mdomo wake iliyoweza kutabasamu ilitabasamu, lakini mkono wa kushoto ulikuwa unalisugua pindo la blanketi, unalisugua na kulisugua. Alikuwa anaisikia sauti ambayo ilikuwa yake na haikuwa yake tena. Kiguu hakujua kama ni raha ama ni adhabu. Alimuuliza, "Mama, tuendelee?" Mama akagonga meza.

Wakaendelea. Siku mbili tatu za kwanza zilikuwa na utamu wake. Baba naye akaingia, sauti nzito, mwenye kukohoa kabla ya kila jambo, akisimulia mbwa wa kambi aliyekula kiatu cha mhandisi. Shangazi alipika akiwa ameacha mlango wazi ili asipitwe. Lakini kukaa ni kukaa. Hata sauti ya mzazi wako haiwezi kuondoa muwasho ulio ndani ya plasta. Kiguu alijikuna kwa kijiti cha kufumia, alipiga ngoma mezani kwa vidole, aliuangalia mstari wa kijani ukitambaa na kuona kama unamfanyia makusudi. Dada alipiga simu kila mchana. "Umefika wapi? Mbona umenitumia mbili tu? Kuna iliyoandikwa tarehe ya kuzaliwa kwangu, umeisikiliza?" Alijibu ndiyo kwa yote, akakata, akaanza upya kuhesabu mbao za dari.

Mwisho akagundua ujanja. Kaseti haikumhitaji. Ukishabonyeza, inasoma yenyewe na kompyuta inaandika yenyewe. Kazi yako ni kurudi mwishoni na kugeuza upande. Basi akawa anabonyeza, anachukua magongo, anajikokota hadi getini kutazama watu wenye miguu wakipita. Mama alibaki sebuleni na deki, kiti chake kimesogezwa mezani, kama mlinzi.

Siku yenyewe Shangazi alikuwa ameenda sokoni. Kiguu alichukua kaseti iliyokuwa chini kabisa ya mkoba, nyeupe, haijaandikwa kitu, akadhani ni tupu. Akaiweka, akabonyeza, akatoka. Getini alipita mwenzake wa kazini na pikipiki mpya, na wawili wale walipoanza kuzungumzia injini waliisahau dunia. Aliikalia pikipiki ya mwenzake, mguu wa plasta umenyooshwa mbele kama bomba, akashika usukani na kufumba macho. Kuna muda alisikia kitu kama mlio wa Mama, ule mlio mmoja. Akadhani ni mlango.

Aliporudi ndani alimkuta Mama ameinama mezani. Kifuniko cha deki kiko wazi. Kaseti nyeupe ilikuwa mapajani mwake, na utepe wa kahawia ulikuwa umetoka nje wote, umejaa kwenye blanketi, umezunguka gurudumu la kiti, umefika sakafuni. Mwisho wake ulikuwa mdomoni. Mama alikuwa ameukata kwa meno.

"Mama! Unafanya nini?" Alipiga kelele, na kelele yenyewe ilimshtua. "Hii haina nakala! Unajua hii haina nakala?"

Alijaribu kuinama kuuokota utepe, gongo likateleza, akajishikilia mezani. Mama hakuogopa wala hakuangalia pembeni. Alilaza kiganja cha kushoto juu ya meza. Basi. Imetosha. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni.

Kiguu alikaa, safari hii bila kuambiwa. Kisha jicho lake likaenda kwenye skrini. Kompyuta ilikuwa bado inarekodi. Mstari ulikuwa umenyooka, hakuna sauti tena, lakini nyuma, kushoto kwa skrini, mawimbi ya kijani yalikuwa yamejaa, mafupi na marefu, dakika nyingi za mtu anayeongea. Alisimamisha. Programu ikauliza kama ahifadhi. Akahifadhi, kwa mazoea tu, na Mama, ambaye hakuzijua kompyuta, hakujua kilichofanyika.

Mchana ule Kiguu alimweleza Dada kwenye simu kwamba kaseti moja Mama ameiharibu, na kwa kuwa hakuwa na kipaji cha kuficha, akaongeza kuwa ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta.

"Basi imepona!" Dada alisema. "Nitumie."

"Mama hakutaka isikike."

"Unajuaje? Labda mkono ulimcheza. Sikiliza kwanza, halafu nitumie. Leo leo."

Alivaa hedifoni. Alijiambia atasikiliza mwanzo tu, ajue ni nini, kama mtu anayechungulia chungu bila kuonja. Mama alikuwa amelala kitandani chumba cha pili.

"Halo," ilianza sauti, lakini si ile pana ya siku zote. Ilikuwa chini, karibu na maikrofoni, ya mtu asiyetaka kusikika ukuta wa pili. "Sijui hii nitaituma ama sitaituma. Nimeitwa makao makuu. Wananipa ubao wa kimataifa, simu za nje, baba watoto, niwe msimamizi. Nimesema ndiyo. Hata sikufikiri, mdomo ulitangulia. Kutwa nzima nawaambia watu nakuunganisha, na wao wanakwenda zao, mimi nabaki na waya mkononi. Nimechoka kubaki. Watu wananionea huruma, wanasema mume wake hatulii, maskini mke. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mimi natulia. Usiku miguu inaniwasha. Sanduku nimeshalifunga. Watoto nitawaacha kwa dada yako, ni mtu mwema, ingawa mdomo wake..."

Kiguu alivua hedifoni kama zimemuunguza.

Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Alizunguka ua kwa magongo mpaka kwapa zikauma. Mama hakwenda, hilo kila mtu alilijua. Alistaafu kwenye posta ile ile, kiti kile kile, wakampa saa ya ukutani. Lakini kuna siku alikuwa amefunga sanduku. Na maisha yote Kiguu alikuwa ameambiwa kutotulia kwake amekurithi kwa baba yake, mtu ambaye hata sura yake aliikumbuka kwa picha. Ndoa yake ilipovunjika kwa sababu hakai nyumbani, wazee walisema damu ya baba. Alipoacha kazi ya ofisi ndani ya mwezi mmoja, damu ya baba. Mama alikuwepo kila liliposemwa, akimenya vitunguu, asitie neno.

Mama alipoamka, Kiguu alimsukuma hadi mezani kwa kifua, magongo yamening'inia mkononi. Akakaa uso kwa uso naye.

"Mama, nisikilize. Kaseti umeikata, lakini ilikuwa imeshaingia humu." Aligonga kompyuta. "Bado ipo. Nimesikia mwanzo. Mpaka ulipomtaja Shangazi na mdomo wake, hapo nikazima. Mengine sijasikia."

Mama alimtazama. Uso ule uliolala nusu ulikuwa mgumu kuusoma.

"Kumbe ni wewe," Kiguu alisema. "Miaka yote hii anasingiziwa marehemu, kumbe ni wewe."

Mama alitoa mlio. Mwanzoni alidhani analia. Alikuwa anacheka, bega la kushoto linaruka, machozi yanashuka upande mmoja, mlio ule ule mmoja ukirudi na kurudi. Kiguu naye akacheka, bila kujua kama anastahili kucheka.

Kisha Mama akanyoosha mkono kwenye hedifoni. Kiguu akamvalisha, akazirekebisha juu ya kilemba, akabonyeza kuanzia mwanzo.

Ulikuwa mtihani mkubwa kuliko plasta. Kiguu alikaa hatua moja kutoka kwa maneno ambayo hakuyasikia. Aliona mawimbi yakipanda na kushuka. Mahali fulani yalikuwa makubwa sana, kama mtu anapiga kelele au anaimba. Mahali pengine palikuwa na kimya kirefu ambacho Mama alikipitia macho yamefumbwa. Mara moja aliinua kidole kana kwamba anataka kumkatisha yule mwanamke na kumwambia kitu. Mara nyingine midomo yake ilikwenda sambamba na sauti asiyoisikia mwanawe, ikisema bila kusema. Kiguu alitaka kusimama, alitaka kuuliza, alitaka kuchomoa waya ili spika zifunguke. Aliyakandamiza mapaja yake mwenyewe kwa viganja vyote viwili mpaka mstari uliponyooka.

Mama alivua hedifoni. Akaonyesha skrini, akapunga. Hapana.

"Niifute?"

Akagonga meza.

"Dada anaitaka. Atanila nyama."

Akagonga tena, kwa nguvu.

Kiguu alikipeleka kidole cha Mama kwenye kitufe. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika, na Kiguu akamsomea swali lile kwa sauti, kwa kuwa alitaka liwe limeulizwa na mtu. Mama alibonyeza mwenyewe. Kisha Kiguu akafungua na pipa la takataka la kompyuta akalimwaga pia, maana alijijua.

Dada alipopiga, walisikika hadi kwa jirani.

"Umefuta sauti ya mama yangu?"

"Mama mwenyewe kaifuta."

"Mama ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wa mdomo, Dada. Akili yake inatushinda mimi na wewe."

"Ilikuwa inasema nini?"

"Sikusikia yote."

"Ulichosikia!"

Kiguu alimtazama Mama, aliyekuwa anamtazama. "Muulize mwenyewe ukija," alisema. Dada akakata. Akanuna kwelikweli, siku nyingi, akituma ujumbe wa neno moja moja. Kaseti zilizobaki Kiguu alizimaliza zote. Sasa alikaa nazo mwanzo hadi mwisho, si kwa kuwa alikuwa ametulia, la hasha. Goti lilimcheza, kidole kilipiga ngoma. Lakini alikuwa anasikiliza kitu kingine. Mama akimwambia mume wake habari za paa na ada na homa, kwa sauti ile pana isiyo na haraka, Kiguu alikuwa anatega sikio nyuma ya maneno, kutafuta yule wa sanduku. Mara nyingine alidhani amemsikia, pale Mama alipomuuliza Baba, "Na huko kambini, ukisimama mlimani, unaona mbali kiasi gani?" Baba hakuwahi kulijibu.

Asubuhi moja alikuwa jikoni akichambua mchele na Shangazi, ambaye alikuwa ameona utepe kwenye pipa la taka na hakuuliza chochote, jambo lisilo la kawaida yake. Ghafla Shangazi akasema, bila kuinua macho, "Ilikuwa ile nyeupe, siyo?"

"Ipi?"

"Usijitie hamnazo. Ile nyeupe. Niliiona siku nazifungia. Sikuisikiliza, lakini niliijua." Akapepeta sinia, makapi yakaruka. "Sanduku la mama yako nililikuta nyuma ya mlango. La bluu. Wewe ulikuwa na kidevu kilichoshonwa. Nikamwita nyuma ya nyumba, nikamwambia, wifi, kama unaenda, nenda. Watoto nitalea. Kaka yangu nitamwambia mimi. Usiage mtu, utashindwa."

Kiguu aliacha mkono ndani ya mchele. "Ulimwambia aende?"

"Nilimwambia. Nilimwona anavyopiga hatua usiku humu ndani. Nikasema mwanamke huyu atapasuka."

"Sasa kwa nini hakwenda?"

"Ndiyo nashangaa mpaka leo. Alikaa pale kwenye jiwe la kufulia, akalia, akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa nguo moja moja. Nikadhani kesho. Kesho ikapita." Aliinua macho. "Labda aliyekuwa anamtaka ni mtu wa kumwambia nenda. Labda aliogopa. Usiniulize mimi. Mwenyewe yupo sebuleni."

Kiguu alikwenda sebuleni. Mama alikuwa dirishani. Alisimama mlangoni na swali mdomoni, akaona kwamba hakuna jibu la kugonga wala kupunga linaloweza kulitosha, akalimeza. Lilibaki tumboni na halijatoka hadi leo.

Plasta ilikatwa msimu wa mvua ulipoisha. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe kwa ukavu, hauaminiki. Daktari alisema atembee kidogo kidogo kila jioni, asirudi kwenye pikipiki kwanza. Kutembea bila mahali pa kwenda hakukumwingia akilini, basi akaanza kumsukuma Mama. Kiti kilimsaidia kama gongo, naye alikisaidia kiti.

Jioni ya kwanza alikusudia kufika kwenye duka la kona na kurudi. Walipofika Mama alinyoosha mkono wa kushoto: mbele. Wakapita shule. Mbele. Wakapita gereji, kinyozi, kituo cha mafuta, mtaa wa maghala ambako Mama hakuwa amefika tangu augue. Njia panda alionyesha kulia, kisha akabadili mawazo, kushoto. Watu waliomjua Kiguu walimpigia honi. Kuna mahali lami iliisha na magurudumu yakakwama kwenye kokoto. Akadhani hapo basi, lakini kiganja hakikulazwa.

Wakawa wanakwenda hivyo kila jioni. Shangazi aliwagombeza wote wawili kwa chakula kilichopoa. Dada alikuja wakati wa likizo, bado amevimba. Alikaa mbele ya Mama, akamshika mkono, akamuuliza kuhusu kaseti ile, naye Mama akapunga. Dada aliuliza tena, kwa sauti yake ya darasani. Mama akapunga tena, kisha akaonyesha mlango. Dada alidhani anafukuzwa, akainuka.

"Hakufukuzi," Kiguu alimwambia, akimtafutia Mama viatu. "Anataka kutoka. Vaa viatu vya kutembelea, hivyo vitakuua."

Wakatoka watatu. Dada alisukuma, akahema, akauliza wanakwenda wapi. Kiguu alimwambia hajui. Walipofika mwisho wa mtaa wa maghala jua lilikuwa limeshuka kwenye mapaa ya mabati, goti linamuuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ni yeye aliyetaka kurudi.

"Mama," alisema, "tugeuze?"

Mkono wa kushoto ukanyooka mbele.